Ngollo Hakosei

Kabla sijaanza kumsifu Ngollo, niseme ukweli: kwa miaka tisa nilimchukia. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya Mwalunili, peke yangu na mhudumu mmoja anayekuja kazini akijisikia, na pale kazi ya Ngollo ilipoishia ndipo yangu ilipoanzia. Yeye alikuwa mfuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Akifika kwenye mlango wa mtu anasimama, anachomeka fimbo yake ardhini, anasema, "Ni hapa." Halafu anarudi nyuma ya watu, anakaa chini, anatoa ugoro wake. Yanayofuata hakuyahesabu kuwa kazi yake. Yanayofuata nimeyashona mimi: vichwa vilivyopasuliwa kwa rungu, vidole vilivyoning'inia, mgongo wa mtu mmoja ambao nilikaa nikiutazama bila kujua nianzie wapi. Wawili walinifia juu ya kitanda cha wazazi, maana zahanati yetu ina vitanda viwili na hicho ndicho chenye godoro.

Siku moja alikuja kutibiwa jicho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari." Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, nimechoka kukataa.

Nilipokuwa namtilia dawa nikamuuliza kama huwa anapata usingizi.

"Napata," akasema. "Mimi nasema nyayo zimeishia wapi. Sijawahi kusema mtu apigwe."

"Lakini unajua watampiga."

"Na wewe unajua mama fulani atajifungua kwa shida. Shida hiyo unamletea wewe?"

Nilitamani kumsukumia kile kichupa ndani ya jicho. Mtu mwenye jibu la haraka namna hiyo amekwisha kujiuliza mwenyewe zamani, tena si mara moja.

Kwa asiyejua mambo ya huku Igunga, nieleze. Ng'ombe wakiibwa, hatuanzi na polisi. Polisi wako mbali na gari lao lina maradhi ya kudumu. Unapigwa mwano, ndilo yowe letu la wizi, na kila mwanamume mwenye miguu anatoka na fimbo au upinde. Asiyetoka ataulizwa alikuwa anaficha nini. Wanafuata kwato. Nyayo zikivuka mpaka wa kijiji kingine, wenyeji wa pale wanazipokea na kuanzia hapo ni mzigo wao. Wazitoe ziendelee mpaka kijiji cha mbele, au ziwafie mikononi. Zikikufia, kijiji chako ndicho kilichoiba: mtalipa ng'ombe au mtatoa mtu. Serikali inasema utaratibu huo umepitwa na wakati, na inalisema hilo vizuri sana kwenye mikutano. Akiibiwa ofisa wa serikali, wa kwanza kuitwa ni Ngollo.

Alizaliwa Ibambasi, kijiji tunachopakana nacho upande wa mbuga. Shule aliishia darasa la pili. Babu yake alikuwa mpagazi kwenye ile njia ya zamani ya misafara iliyopita kusini mwetu kwenda Tabora, na Ngollo alipenda kusema kwamba kwao hawakurithi shamba wala ng'ombe, walirithi kutazama chini. Na kweli alitazama. Alijua dume hukojoa katikati ya nyayo zake na jike hukojoa nyuma yake. Alijua ng'ombe mwenye mimba, mwenye kiu, aliyefukuzwa mbio na aliyetembezwa taratibu. Jina lake likawa kama methali. Mwanamume akikana mimba, wanawake kisimani wanamwambia, "Basi tumwite Ngollo." Watu wanacheka, lakini ndani ya kicheko kile mlikuwa na imani kuliko ninayoiona kanisani.

Kilichokamilisha jina lake ni mambo ya dada yake. Mbuzi wa Wamoravian waliibwa, akazifuata nyayo mpaka zikaingia nyumbani kwa dada yake mwenyewe, tumbo moja. Wanaume waliokuwa naye wakaanza kukohoa na kutazama pembeni, tayari kumsaidia asione. Ngollo akachomeka fimbo. "Ni hapa." Mpwa wake alivunjwa mkono mahali pawili na taya mahali pamoja, nilimfunga mimi kabla ya kumpeleka Nzega. Dada mtu hakumsemesha tena kaka yake maisha yake yote. Baada ya hapo nani angethubutu kusema kwamba Ngollo anapendelea au anadanganya? Hata mimi niliyemchukia nisingesema.

Sasa nimlete Mwalimu Xavery, maana bila yeye hakuna habari. Xavery ni katekista wa kigango chetu. Padri anatoka parokiani mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili zilizobaki ni Xavery anayesoma, anayehubiri, anayezika. Pia ndiye aliyekuwa akiiletea zahanati maji. Tuna bomba. Lilizinduliwa kwa utepe na wali kuku, likatoa maji siku kumi na moja, likanyamaza. Tangu hapo kila alfajiri Xavery alikuwa akifunga ng'ombe wanne wa kigango kwenye mkokoteni, anakwenda kwenye lambo, bwawa la mifugo lililo mpakani na Ibambasi, anarudi na mapipa manne. Wamoravian nao walichota humo humo, maji hayana dhehebu. Mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, wa kumwomba radhi mbuzi aliyemkanyaga mguu. Nilikuwa nikimtania kwamba akifika mbinguni atasimama nje akisubiri wengine wapite kwanza.

Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi. Usiku mvua ya kupotea ilinyesha kwa nusu saa, na katika usiku huo huo Masolwa, tajiri wa ng'ombe wa ng'ambo ya mbuga, aliibiwa ng'ombe tisa. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa na mzazi, Recheli, mtoto wake wa kwanza, ametoka alfajiri akiwa mzima na mama amechanika vibaya. Saa moja Xavery akaja dirishani.

"Daktari, unisamehe. Leo hakuna maji. Mkokoteni umezama kwenye tope la lamboni na ekseli imekatika. Nimeuacha huko huko, nimerudi na ng'ombe tu."

Ng'ombe wake wanne walikuwa wamefungwa kwenye mwarobaini wa zahanati, matope mpaka magotini. Nikamwambia nina mama anayevuja damu na sina hata tone la kunawa. Akachukua ndoo mbili, akaenda kuomba maji nyumba kwa nyumba.

Yaliyokuwa yakitokea Ibambasi saa hiyo nilisimuliwa baadaye na Gerson, mtendaji wa kijiji kile, siku aliyokunywa akalia mbele yangu. Watu wa Masolwa, karibu mia mbili, walizifikisha nyayo Ibambasi wakazikabidhi. Ngollo akazipokea, akaenda nazo vizuri mpaka karibu na lambo. Hapo mvua ilikuwa imezifuta. Akazunguka. Saa nzima anazunguka, anainama, anapiga magoti, ananyanyuka, na wale mia mbili wamesimama kimya na fimbo zao. Gerson akamsogelea.

"Mzee, zitoe. Zikitufia hapa nitaandika nini mimi?"

"Subiri."

"Masolwa anasema hasubiri. Anasema ataanza na nyumba ya kwanza."

Nyumba ya kwanza kutoka lamboni ilikuwa ya Ngollo mwenyewe. Kabula, mkewe, alikuwa uani anaanika mtama. Ndipo Ngollo akaziona nyayo nyingine upande wa pili wa lambo, mpya, zenye kina, zikielekea Mwalunili. Za ng'ombe wanne tu. Akasema wezi wamejikinga mvua, wamegawana, hawa ni wa fungu moja. Gerson aliniapia kwamba alimwona akisita. Mimi naamini. Nyayo zile zilikanyagwa baada ya mvua, na mtu aliyeweza kujua ng'ombe mwenye kiu hakuweza kushindwa kujua hilo. Lakini fimbo mia mbili zilikuwa nyuma yake na mkewe yuko uani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ngollo aliona alichotaka kuona. Akazitoa nyayo nje ya kijiji chake.

Saa tatu na nusu nikasikia vishindo. Nikadhani ni ng'ombe wanakimbia. Nilipochungulia dirishani uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa watu, na mbele yao Ngollo, macho chini, anakuja moja kwa moja mpaka kwenye mwarobaini. Alichomeka fimbo kabla hajainua uso.

"Ni hapa," akasema.

Akainua macho. Akawaona ng'ombe wanne, shingo zao zimechubuliwa na nira. Kutoka dirishani nilimwona akizitazama zile shingo kwa muda mrefu. Akageuka huku na huku kama anayetafuta kitu, akauliza, si kwa sauti kubwa, "Mkokoteni wao uko wapi?"

Xavery alikuwa anaingia uwanjani na ndoo zake mbili. Alijibu kwa adabu, kama anavyojibu watu wote. "Shikamoo, mzee. Umekatika ekseli, uko lamboni."

Nadhani dunia ya Ngollo ilipasuka hapo. Masolwa hakumpa nafasi. Alikuwa amekwisha kuwakagua wale ng'ombe, ameona si wake, na badala ya kupoa akazidi kuchemka.

"Nimeelewa," akawaambia watu wake. "Huyu ndiye aliyepitisha ng'ombe wake juu ya nyayo ili azifute. Hiyo ni kazi ya wezi wazoefu."

Nikapiga kelele dirishani kwamba hao ni ng'ombe wa maji, kwamba kila siku wanakwenda lamboni, kwamba katekista ametoka kunieleza mwenyewe. Masolwa akanigeukia. "Tunajua ni ng'ombe wa maji. Ndiyo maana hakuna aliyewashuku." Jiwe likapiga ukuta karibu na kichwa changu. Recheli akaanza kulia, na mtoto naye. Nikafunga dirisha. Nikaenda mlangoni nikazungusha ufunguo, nikauchomoa na kuutia mfukoni.

Pigo la kwanza lilimkuta Xavery bado ameshika ndoo. Maji yalimwagika, na naona haya kusema kwamba nilichowaza kwanza ni yale maji. Akakimbia. Hakukimbilia barabarani wala kanisani, alikimbilia mlangoni kwangu. Akagonga kwa viganja viwili. "Daktari. Daktari, ni mimi." Sikufungua. Nilisimama upande wa ndani, ufunguo mfukoni, mkono juu ya ufunguo. Nilijiambia ni kwa ajili ya Recheli na mtoto. Nimejiambia hivyo kila siku tangu siku ile na bado sijaamini. Nikasikia mwili unagongwa kwenye mbao, mara nne, mara tano, halafu nikasikia wanamburuta.

Nilipiga simu polisi. Aliyepokea aliniuliza kama watu ni wengi. Nikasema ni wengi. Akasema wataangalia uwezekano wa usafiri.

Kwenye mlango ule pana tundu la kitasa. Nilichungulia, maana kutotazama kulikuwa kubaya zaidi. Walikuwa wamemlaza kifudifudi. Wawili walimkanyaga mikono, wengine wakimpiga miguu na kiuno kwa zamu, bila haraka, kama watu wanaotwanga. Mfupa wa paja ulivunjika nikausikia. Masolwa alikuwa anauliza swali moja tu: "Wako wapi?" Xavery alikuwa akisema hajui, kisha akaanza kusali kwa sauti, na mtu mmoja akampiga rungu la mdomo ili anyamaze.

Ndipo Ngollo alipokuja mbele. Hili hakuwahi kulifanya. Alipita katikati yao akasema, "Acheni. Nimekosea."

Fimbo zilisimama kidogo. Walimtazama bila kuelewa.

"Hizi ni nyayo za ng'ombe wa maji," akasema. "Zimekanyagwa leo asubuhi. Za wezi zimefutwa na mvua. Nimekosea mimi."

Mzee mmoja wa Ibambasi akamshika bega kwa upole kabisa. "Ngollo, wewe hukosei. Umeona ni mtu wa kanisa ukaingiwa na huruma. Kaa pembeni upumzike."

"Nasema nimekosea."

"Hata kwa dada yako hukukosea," akasema mwingine, na wengi wakaitikia. Fimbo zikaanza tena. Alisema mara ya tatu, mara ya nne, alipaza sauti mpaka ikakatika. Alijaribu kumshika mkono mpigaji mmoja, akasukumwa akaanguka. Hakuna aliyempiga. Walikuwa wanamheshimu. Mtu ambaye neno lake halikuwahi kurudi, siku anayotaka kulirudisha, nani atampokea? Miaka ishirini alikuwa amejijengea jina, na jina hilo sasa lilikuwa likimuua Xavery mbele ya macho yake, na yeye hana pa kulishika.

Aliamka, akajipangusa vumbi magotini. Akaing'oa fimbo yake kutoka ardhini, akaenda akasimama juu ya Xavery, miguu huku na huku, hivi kwamba atakayepiga atampiga yeye kwanza.

"Masolwa," akasema. "Ng'ombe wako nimewaiba mimi."

 

"Ni tisa," Ngollo akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kila siku. "Majike saba na madume mawili. Jike moja lina mimba kubwa na linaburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Kwenye korongo la kwanza lilianguka kwa magoti, likachubuka, likaacha damu. Dume dogo lilitaka kurudi nyumbani mara mbili, nikalirudisha kwa fimbo. Uongo?"

 Kuhusu lile jike Masolwa hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amesahau, au hasira ilimsahaulisha, kwamba Ngollo angeyajua hayo yote kwa kutazama ardhi tu.

"Leo lamboni nimezunguka saa nzima," Ngollo akasema. "Mmeniona. Lini mmeniona nikizunguka saa nzima? Mlidhani natafuta. Nilikuwa nazifuta. Nikaona nyayo za huyu mjinga wa maji, nikawaleta kwake, kwa sababu nilijua mtaniamini."

Hilo waliliamini. Neno la kweli walilikataa mara nne, la uongo wakalipokea mara moja, tena wote, na nikaona kwenye nyuso zao jinsi kila mmoja alivyokuwa anakumbuka kule kuzunguka na kujiona alikuwa kipofu. Gerson alikuwa amesimama pale, daftari kwapani. Aliniambia kwamba hata yeye aliamini.

"Wako wapi?" Masolwa akauliza.

"Wamepakiwa kwenye lori. Saa hizi wapo mbali."

Wa kwanza kupiga alikuwa yule mzee aliyemshika bega. Ngollo hakukimbia na hakuinua mikono. Walimpiga wakiwa na hasira ambayo kwa Xavery hawakuwa nayo, maana Xavery alikuwa mwizi tu, huyu alikuwa ameiba imani yao. Rungu la kichwa lilimwangusha mbali na Xavery, nao wakamfuata alipoangukia, wakamwacha katekista amelala kama gunia lililosahauliwa. Walimpiga watu wa Masolwa, na watu wa kijiji chake wakapiga zaidi, ili Masolwa aone kwamba Ibambasi haimo. Waliokuwa mbali walirusha mawe yakawapata wenzao. Mtu mmoja alimchoma mkuki wa paja, akauchomoa, akauchoma tena. Kama robo saa. Niliacha kuchungulia, nikakaa sakafuni na mgongo wangu mlangoni, nikahesabu vigae vya dari, ni mia moja na nne.

Walipoondoka nilifungua. Haraka niliyokuwa nayo wakati huo ni aibu kuitaja.

Xavery alikuwa anapumua: paja, mbavu, meno yote ya mbele. Ngollo naye alikuwa anapumua, ila kichwa chake kilikuwa laini upande mmoja na nilijua. Nilimvuta kivulini. Sikuwa na maji ya kumwosha uso, nikatumia dripu. Jicho moja lilifunguka, lile nililowahi kulitia dawa.

"Mwalimu yupo?" akauliza.

"Yupo. Ataishi."

"Wale ng'ombe," akasema, akapumzika sana, "sijawaona hata mkia."

"Najua, mzee."

"Usiseme."

Alikufa saa saba na dakika kumi. Kabula alikuwa amekwisha kufika, amekaa chini amempakata kichwa, na damu imeingia kwenye kanga yake mpaka ikagandana. Alisikia maneno yale yote. Mimi nililia kwa sauti, mwanamke mzima, kwa mtu niliyemchukia miaka tisa. Yeye hakulia mbele yetu.

Polisi walifika saa kumi na moja. Walipima uwanja kwa hatua, wakaandika kwamba mtuhumiwa wa wizi wa mifugo ameuawa na wananchi wenye hasira kali ambao hawakuweza kutambuliwa. Gerson, aliyewatambua wote kwa majina na ukoo, alitia sahihi kama shahidi. Watu wa Masolwa walikuwa wamekwisha kwenda kwa Kabula na kuchukua ng'ombe wake tisa, wote aliokuwa nao. Mazishini tulikuwa wanne. Mwizi haliliwi huku kwetu. Njia ya mwongo ni fupi, waliniambia kinamama kliniki wiki ile, wakimaanisha Ngollo, nami nikaendelea kuwapima uzito watoto wao.

Xavery alilazwa miezi minne mjini Tabora. Alirudi na magongo mawili na mdomo uliobonyea. Jumapili yake ya kwanza kigango kilijaa mpaka nje; walikuja hata watu wa Ibambasi, na mlangoni walisimama vijana watatu wa Masolwa, kofia mkononi, wametumwa kutoa pole. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Kabula aliingia akakaa karibu nami, kwa kuwa kwenye mabenchi mengine watu walisogea wakijaza nafasi alipokaribia.

Baada ya somo Xavery hakuhubiri. Alisimama akiegemea meza, akasema polepole kwa sababu ya meno, "Ndugu zangu, nina neno moja kabla ya yote. Ngollo hakuiba. Nilikuwa chini ya miguu yake na nilimsikia. Alisema vile ili niokoke mimi."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akafuta machozi, akamwambia jirani yake kwamba katekista ana moyo wa kusamehe. Wengi walikuwa wanatikisa kichwa kwa sifa, kama wanavyofanya mtu akisema jambo zuri lisilo na maana. Lakini mmoja wa wale vijana mlangoni hakutikisa kichwa. Alikuwa anafikiri.

"Mwalimu," akasema, kwa heshima tu, "kama si Ngollo, nyayo ziliishia wapi?"

 Niliona swali lile likipita benchi hadi benchi. Nyayo ziliishia kwenye mwarobaini wa zahanati, kwa ng'ombe wa Xavery, na hilo halikuwa limefutwa na mtu yeyote isipokuwa Ngollo, kwa ule uongo wake. Xavery hakuliona, au aliliona akalikubali. Alikuwa anafungua mdomo ajibu. Niliponyanyuka niseme kitu, sijui ningesema nini, mkono ulinishika ukanikalisha. Kabula akasimama badala yangu.

"Kaa chini, Mwalimu," akasema. "Aliiba."

"Mama Kabula—"

"Mume wangu aliiba. Ng'ombe niliwaona mimi kwa macho yangu, tisa, walipita nyuma ya nyumba yangu usiku. Jike moja lilikuwa linaburuta mguu." Akamgeukia yule kijana mlangoni. "Mwambie Masolwa mke wa Ngollo amesema."

Kijana akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, wakatoka wote watatu. Xavery aliishika meza kwa mikono miwili mpaka gongo moja likaanguka, halafu akakaa. Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakadakia.

Kabula alikaa. Nikamwekea mkono magotini. Hakunitazama. Alisubiri wimbo upande sauti, kisha akainamia sikio langu.

"Daktari," akasema, "Mungu atanisamehe? Sijawahi kusema uongo kanisani."